Pikipiki Iliyokataa Kumpa Mtu Mgongo

Alhamisi, mwezi wa Disemba, 1959. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, karafuu zimeanikwa mpaka ukingoni mwa njia.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku ile, na haya mengine nimeyatoa humo humo, sikuyatia chumvi. Elimu yangu ni ya darasa la nne, huenda nilikiona kitu nikakosea kukielewa. Lakini kukiona nilikiona, tena mchana kweupe.

Nilikuwa nakwenda kuoa. Nikaha ilikuwa Gando baada ya sala ya alasiri, nami natoka Wete na pikipiki yangu. Mara mbili kabla ya hapo nikaha iliahirishwa kwa sababu pikipiki ilizimika njiani. Mzee Faki, babake mchumba wangu Mize, akaniletea maneno: "Mwambieni, akichelewa tena binti yangu nampa yule muuza samaki wa Tumbe. Yule ana baiskeli, na baiskeli haina maradhi." Niseme haki, hapo hakukosea.

Basi nimekaribia Gando, pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Nikaisukuma kivulini, kichwa chake kikaelekea kichaka kilichofungwa vitambaa vyekundu na vyeupe. Siwezi kusema sikuviona. Ila mtu mwenye haraka ya kuoa ataangalia vitambaa?

Nikafungua kifuniko. Skrubu ya bamba linaloshika platini imelegea, bamba limeteleza. Kwa asiyejua: platini ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana; zikiachana ndipo cheche huruka kwenye plagi, na inatakiwa iruke pistoni ikikaribia kufika juu, si mapema mno, si baadaye. Nilitia kijiti kwenye tundu la plagi nipime pistoni, nikabana karatasi ya sigara katikati ya platini, nikawa nazungusha injini polepole nione karatasi itaachiwa wapi. Mara ya nne sikujua tena napima nini.

"Moto wako wachelewa, bwana harusi."

Nikageuka. Mzee, kanzu nyeupe pe, hana hata tone la jasho. Nani kamwambia kwamba mie bwana harusi? Kwa haki, nilikuwa nimevaa joho. Nikamtolea salamu, hakuitika. Nikadhani masikio yake mazito.

"Nipe huo waya wa plagi, kisha upige kiki," akasema.

"Mzee wangu, huo unarusha!"

"Piga, yakhe."

Waya ule ulishanilaza kichalichali mara mbili mimi. Nikapiga kiki. Yeye kaushika kwa vidole vitupu, akacheka kama mtu aliyetekenywa. Kisha akalisogeza bamba kwa ukucha wa kidole gumba, na kwa ukucha uleule akakaza skrubu. Niamini. Mikono yake haikuingia hata doa la grisi. Kisha akaenda kusimama mbele ya kichaka.

"Sasa utawahi. Ila ukiondoka, usinipe mgongo."

"Siwezi, mzee wangu. Mie nimelelewa."

Nikarudisha plagi, nikapiga kiki, ikawaka kwa sauti ya ajabu, kama mtu anayehesabu kutoka kumi kurudi moja. Nikatia gia ya kwanza. Pikipiki ikaenda kinyumenyume! Nyuma yake ikashika njia ya Gando yenyewe, mimi uso kwa uso na yule mzee, naye ananipungia mkono. Kuizima niliogopa, kwani ingewaka tena? Nikapindisha shingo, miguu nikaiburura chini, makubadhi yote mawili yakabaki njiani. Nilipotazama tena kichakani, hapana mtu.

Gando watu walikuwa wanatoka msikitini. Wanaona mgongo wangu tu, joho linapepea, pikipiki inanguruma.

"Bwana harusi yuaondoka!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Hata kuoa hajaoa, keshakimbia!"

"Mkamateni!" akasema Mzee Faki.

Nikadakwa na watu sita. Nikasema nafika, siondoki! Nani anisikie? Nikaha nilifungishwa nimeshikwa viwiko vyote viwili, na muuza samaki kakaa nyuma yangu, kavaa kanzu mpya, anasubiri niteleze ulimi.

Baadaye nilimweleza mkwe wangu. Akaniuliza, "Pana vitambaa hapo?"

"Pana."

"Basi yule ndiye mwenye mzimu. Ungempa mgongo, usingefika."

Fundi mmoja wa Wete aliniambia injini ndogo kama ile, cheche ikitangulia mno, huweza kuzunguka kinyume. Nimeyaandika maneno yake pia, labda ndiyo kweli. Lakini nilipomwambia ashike waya wa plagi kwa vidole, alikataa.

Mpaka leo nikipita pale nashuka, naisukuma pikipiki kinyumenyume mpaka kichaka kimepotea machoni. Mize hunicheka, ila naye hutembea kinyumenyume. Nawe skrubu ikikulegea njiani, kwanza tazama umesimama kwa nani. Na asiyeitika salamu usimpe waya.

Jioni ile tulikula wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi. Mimi nililishwa, maana mkono wangu wa kulia Mzee Faki alikuwa bado hajauachia.