Mbwa Aliyemchunga Hakimu Hasselbrink

Gerwin Hasselbrink alikuwa ofisa wa kodi wa kutegemewa: hata likizoni alifunga tai. Mwaka 1974, mchunga kondoo mmoja wa nyika ya Lüneburg, Ortwin Pahlke, aliomba chakula cha mbwa wake watatu kihesabiwe gharama za kazi. Wawili walipita. Asta, jibwa zee lenye jicho moja, alimtia Hasselbrink shaka. Akaenda malishoni mwenyewe, na suti yake, akashinda huko na daftari.

“Huyu kazi yake nini?”

“Anawafundisha wale wawili.”

“Cheti cha ualimu kiko wapi?”

“Muulize mwenyewe, bwana mkubwa. Mimi hanijibu.”

Ripoti ilikuwa kurasa kumi na tisa, na Asta akaandikwa hana kazi. Pahlke, mbishi wa kuzaliwa, akaenda mahakamani. Faili lilitambaa miaka sita. Humo katikati Hasselbrink alipanda cheo, akavaa joho la hakimu katika mahakama ileile ya kodi, nami nikiwa karani wake. Kesi ikatua mezani kwake! Sheria ilimkataza kuhukumu alichokikataa mwenyewe, hivyo akaandika kurasa nne za kujitoa, akaitwa kuwa shahidi.

Bi Theda Ruhnau, hakimu aliyeongoza kesi badala yake, alimuuliza, “Siku ile mbwa alifanya nini?”

“Hakuna, Mheshimiwa. Alilala tu.”

“Kutwa nzima?”

“Isipokuwa nilipotaka kuwasogelea kondoo. Hapo aliinuka akanizuia. Nikienda kulia, yuko kulia. Kushoto, yuko kushoto. Mara mbili alinirudisha hadi kwenye gari.”

“Kwa hiyo aliyechungwa ni wewe?”

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hasselbrink aliiva masikio kwa aibu. Angeweza kukana, hakukuwa na shahidi mwingine ila Pahlke.

“Inaonekana hivyo, Mheshimiwa,” alisema polepole. “Karani, andika.”

Pahlke akashinda, ingawa Asta alikwisha kufa zamani. Nje ya ukumbi alimkatia Hasselbrink nusu ya mkate wake wa soseji.

“Hakimu hapokei zawadi,” alisema Hasselbrink.

“Zawadi gani? Ina haradali nyingi, imenishinda. Kula, mzee!”

Akala, amesimama, machozi yakimtoka. Alidai ni haradali.

Alihukumu miaka kumi na minane zaidi. Mawakili walimwogopa, kwani katikati ya hoja zao tamu alifunga faili na kusema, “Twendeni tukaone.” Safari moja tulikwenda kuona mizinga ya nyuki ambayo mwenyewe aliapa ni mitupu, haina cha kutozwa kodi. Tuliumwa sote, pande zote mbili za kesi, na mfuga nyuki akashindwa.