Mikia Mifupi ya Ghala la Majengo

Mpanda, 1996. Saa kumi na mbili asubuhi, Lyamba Kasogela anatambaa kwa tumbo kati ya magunia ya mahindi. Inaonekana miguu tu. Anatoka na vumbi puani na panya wawili mkononi, ana furaha ya mtu aliyeokota ng'ombe.

Ghala ni la Mama Scola, mfanyabiashara wa Majengo. Lyamba ndiye mtega panya wake, na ushahidi wa kazi ni mkia: kila mkia shilingi hamsini. Wiki ya mikia mingi, nyumba yake kule Makanyagio hula maharage yenye mafuta.

Mwaka jana mikia ikaanza kuja mifupi.

"Nikamwambia, Baba Wema, wewe unakata mkia mmoja vipande viwili," anasema Mama Scola, akimwita Lyamba kwa jina la mwanawe. "Mimi si mtoto."

Lyamba akaleta panya wazimawazima. Walikuwa wadogo kama kidole gumba, pua butu, uso wa mviringo, mkia umeishia njiani. Mama Scola akaona wizi mkubwa zaidi: jamaa anafuga panya kwake, anamletea watoto wao. Akampa mpaka Pasaka athibitishe kuwa hamwibii, la sivyo kazi basi.

"Nilikuwa nawakuta shimo moja na ndugu zao wakubwa, mama mmoja, uzao mmoja," anasema Lyamba. "Hawa wanazaliwa hivyohivyo, halafu hawakui. Ni mambo ya ukoo."

Ili watu waone kuwa hawakui, akaweka dume na jike wa hao wadogo kwenye debe la pumba. Hapo ndipo alipojipalia makaa. Mtu anatuhumiwa kufuga panya, naye anaweka panya uvunguni. Mkewe, Paskalia, alihamia kwa dada yake.

Wiki ya Pasaka Mama Scola aliingia kwa Lyamba bila hodi, akafunua debe.

"Si nilisema," akasema.

"Mama, hao wako humo tangu Krismasi, dume na jike," Lyamba akamjibu. "Tafuta watoto."

Mama Scola akapekua pumba kwa kijiti. Hakuna hata kichanga kimoja, na wale wawili walikuwa vilevile.

"Sasa kama nafuga, unadhani ningechagua wasiozaa?" Lyamba akauliza.

Mama Scola alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Kazi ikabaki, na Paskalia akarudi, shingo upande.

Sasa Lyamba anapanga kuhamia Majimoto, kwenye maghala ya mpunga, ambako anasikia panya ni wa kawaida. Debe atalibeba.

"Iliniuma sana kuitwa mwizi," anasema. "Tajiri mpya kabla hajanipa kazi, kwanza nitamfunulia hawa, ajue si kila mkia mfupi umekatwa."