Mwaka Ambao Udongo Haukukauka

Mfinyanzi wa mtaa wetu ni Kamalakshi, mjane wa miaka sitini na minane. Mikono yake imekauka kama magome, lakini ikigusa udongo inalainika. Yeye ndiye anayetufinyangia Onathappan, yule bwana wa udongo mwenye pande nne na kichwa butu, tunayemketisha uani katikati ya maua siku ya sikukuu ya Onam, Mfalme Maveli wa kale anaporudi kutazama watu wake. Nyumba thelathini na mbili humngojea Kamalakshi tu. Humpa mchele, ndizi na nguo mpya, na siku hiyo hakuna mgeni anayekaribishwa kabla yake.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku nane bila kupumua. Na bwana wa udongo hukaushwa kwa jua, ndipo apakwe rangi nyekundu. Siku moja kabla ya Onam, Kamalakshi alikwenda barazani akawakuta wote tisini na sita, watatu kwa kila nyumba, wamelala ubavu kama walevi. Ukibonyeza, kidole kinazama.

Mimi nilikuwa nimempelekea majani ya mchuzi. Nikamkuta mkamwana wake, Rejitha, anahangaika.

"Mama, tuwatie tanuruni basi."

"Watapasuka. Na hata wasipopasuka, siwachomi. Huyu anakuja kututembelea, Rejitha, hahamii. Sikukuu ikiisha sharti ayeyuke arudi ardhini. Ukimchoma atarudije?"

"Haya. Subhadra wa nyumba kubwa atanunua wa mbao. Juzi kasema mjini wapo, unawafuta vumbi tu kila mwaka. Akianza yeye, wote watamfuata, na wewe hakuna atakayekuita tena."

Midomo ya Kamalakshi ilikuwa inacheza, nikadhani anasali, nami nikainamisha kichwa nikasali naye kimoyomoyo. Kumbe alikuwa anahesabu nyumba.

Ghafla akakunja ngumi, akawaponda wote wakawa donge moja. Rejitha akapiga ukelele.

"Nyamaza, utamwamsha jirani."

"Jirani huyu hapa, Mama!"

"Basi na abebe kapu. Kama hawakauki kwangu, watazaliwa huko huko kwao."

Tukafunika makapu mawili kwa majani ya mgomba, tukatoka mvuani. Rejitha alitaka nyumba kubwa iwe ya mwisho. Kamalakshi akaenda huko kwanza, moja kwa moja, bila kugeuka nyuma.

Subhadra alisimama mlangoni na sari mpya, akachungulia kapuni.

"Kamalakshi, umeniletea matope?"

"Matope, mama mwenye nyumba. Kwani miaka yote ulidhani nakuletea nini?"

"Na rangi itashika wapi?"

"Haitashika. Nipe kigoda na bakuli la maji."

Akakaa chini ya upenu, akaanza. Nimemjua mama huyu miaka thelathini, lakini kazi yake sikuwahi kuitazama kwa karibu. Alipiga donge kwa kiganja, akalizungusha, akapiga tena, na pande nne zikatokea zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Hakupima kitu. Nikamshukuru Mungu kwa mikono aliyompa.

Akachukua kutoka sinia la maua ua jeupe dogo kama punje ya mchele, la mmea wa porini uitwao thumba, akalichomeka kwenye udongo. Likasimama. Miaka mingine tunayabandika kwenye udongo mkavu kwa uji wa mchele, na kufika mchana yote yameanguka.

Subhadra akainama. Akachomeka moja. Akachomeka jingine. Mara akapiga magoti, pindo la sari likazama majini wala hakuliona.

"Taratibu, mama, hapo ni usoni! Unamtoboa jicho!" Kamalakshi akamkemea.

Subhadra akacheka mpaka akashika mbavu. Walipomaliza wote watatu, kila bwana wa udongo alikuwa mweupe kwa maua, na hakuna hata moja lililodondoka.

Subhadra akagusa ua moja, likabaki palepale.

"Yule wa mbao hawezi hivi," akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Mwakani njoo na matope tena. Usimkaushe."

"Na jua likiwaka je?"

"Mmwagie maji, wewe! Mpaka nikufundishe kazi yako?"

Kamalakshi akanawa mikono, akapokea mchele wake na nguo yake, akajitwika. Tukatoka. Bado zilikuwa nyumba thelathini na moja.