Marahaba ya Mama Alois

Mama Alois, fundi cherehani wa Bagara, alikikuta kimashine cha gemu ndani ya belo la mitumba. Maandishi yalikuwa Kijapani kitupu, lakini kupanga vigae vya fumbo hakuhitaji kusoma. Kila akitaka kuzima, katoto ka kwenye kioo kaliinama. Yeye alijua kanampa shikamoo, akaitikia "Marahaba" na kubonyeza neno la juu kati ya mawili. Kila kesho yake alianza tena fumbo la kwanza, akaamini gemu ndivyo ilivyo.

Leo mteja wake, binti wa Kijapani, alichungulia akashtuka. "Mama, huyu mtoto anakuuliza: nifute kila kitu? Na neno la juu ni 'ndiyo'!"

"Mungu wangu! Miaka mitatu namkubalia? Kashenzi haka!"

Katoto kalikuwa bado kameinama, kanasubiri jibu.

"Marahaba," ulimi ukamteleza, na kidole gumba kikabonyeza palepale.