Komamanga la Kibirizi

Ganda la komamanga likipasuka mkononi hutoa mlio mdogo, mkavu. Mpaka leo nikiusikia humtafuta kwa macho mdogo wangu Zuhura, ingawa sasa ni mama wa watu na hapendi kuchungwa.

Tulipokuwa watoto mtaani Buzebazeba, jirani zetu walikuwa wamekimbia vita Burundi. Binti yao, Nadine, alikuwa rika langu, na shule ya kwao ilikuwa imempa Kifaransa kidogo cha kuturingishia. Kila mama yake alipotugawia makomamanga ya uani, Nadine alitufundisha kuyaita grenadi. Tulilipenda neno hilo. Tuliliimba na midomo yetu myekundu, tukajiona wasomi.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, mama zetu walikuwa ufukweni Kibirizi, kando ya ziwa, wakianika dagaa, nasi tukicheza mchangani. Zuhura alikuwa ametangulia peke yake. Mara Nadine akapiga ukelele: "Grenadi! Zuhura, grenadi!"

Basi sisi tukacheka, tukatimua mbio kwenda kugombea tunda. Zuhura alikuwa ameinua kitu cha mviringo, chenye kutu, kina kishungi juu kama komamanga kabisa, naye anahangaika kukibandua kile kishungi.

Mama Nadine aliangusha ungo wa dagaa. Hakukimbia wala hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Shira hasi, mwana wanje," alisema. "Buhoro, buhoro."

Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, hivyo Zuhura alielewa: weka chini, mwanangu, polepole. Akakiweka. Mama yetu akamnyakua, tukakimbizwa wote hadi barabarani.

Wanajeshi walikuja wakakilipua. Kishindo nilikisikia tumboni. Hata hivyo, siku kadhaa tulimnunia Nadine kwa kutudanganya kuhusu tunda.

Nilipofika sekondari nilisoma kwenye kamusi kwamba Waingereza walilichukua neno grenade kwa Wafaransa, ambao waliliita bomu hilo jina la komamanga kwa kuwa lilifanana nalo, limejaa punje ndani. Kwetu likafika likiwa guruneti. Nilifurahi mno kwa ugunduzi wangu, nikaenda mbio kumsimulia Nadine. Nikamuuliza siku ile alilitambuaje bomu kwa mbali vile.

"Mdogo wangu aliokota kama lile, kule kwetu," alinijibu.

Miaka yote ile ya kula kwao, sikuwa nimejua kwamba Nadine aliwahi kuwa na mdogo.