Mkono wa Singano

Nianze na aibu yenyewe, mwanangu, usije ukaisikia kwa watu. Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha presha hapa kwetu Mponde, nilikaa mwaka mzima sijapimwa presha hata mara moja.

Kikundi tulikianzisha kwenye banda la kupimia majani ya chai, baada ya kuwazika wenzetu kadhaa kwa maradhi ya moyo. Nesi anakuja kila mwezi; majani yanapimwa huku, watu wanapimwa kule. Uenyekiti nilipewa kwa ajili ya mdomo, maana shule niliishia darasa la tano. Kuwahimiza wengine niliweza. Ila lile dude la kubana mkono nililiogopa kuliko chatu.

Sasa siku moja akaja nesi mgeni, asiyenijua sura. Nikamvika rafiki yangu Singano koti langu, nikampa na kadi yangu. "Mgosi," nikamwambia, kama tunavyoitana wanaume wa huku, "nenda kanipimie."

Akarudi anacheka, na vidonge mkononi. "Mgosi, presha yako iko juu. Umeambiwa uache chumvi, urudi wiki ijayo."

"Yangu wapi? Mkono si ulikuwa wako?"

"Na kadi ni ya nani?"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Yeye akaona ugonjwa ni wangu, kwa kuwa kadi yangu. Mimi nikaona si wangu, kwa kuwa mkono wake. Watu wazima wawili, tunaamkiwa shikamoo njia nzima, presha ikakosa mwenyewe. Vidonge nikavitupia kwenye kopo tupu jikoni. Singano akaenda kula makande yake, chumvi juu.

Hazikupita wiki tatu, akaanguka shambani na kikapu chake cha chai mgongoni. Uhai ulibaki, lakini mkono wa kulia ukalala. Ule ule niliouazima.

Ndiyo maana mnanichosha ninyi vijana. Nesi yuko pale bandani, mnampita na pikipiki, eti mko bize, eti presha ni ya wazee. Nani kawaambia? Nenda ukapimwe, mwanangu, kwa mkono wako na kwa jina lako. Ukipewa vidonge, meza, kopo halina presha. Mungu awape mioyo imara, na akili kunizidi mimi, jambo ambalo kwake si kazi kubwa.

Nilipokwenda hospitali kumwomba Singano radhi, nilimkuta mdomo umekwenda upande. Akasema polepole, "Mgosi, mwezi ujao nenda na wako. Huu wangu siuazimishi tena."