Kompyuta ilimfukuza kazi mchimba makaburi wetu, Mbudha akaniambia nia ilikuwa ya nani (Kalemie, enzi za Zaire)

Wakuu, salaam zenu.

Naona kila siku mnagombana humu kama AI ina maadili au haina. Mimi ugomvi huo niliumaliza Kalemie, miaka ya Zaire, wengi wenu hamjazaliwa. Siongezi chumvi, na nilipokosea nitasema.

Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo. Wakaleta kompyuta, kubwa kama kabati, nikachaguliwa mimi kuingiza mahudhurio ya wafanyakazi.

Nilivimba kichwa jamani. Hata salamu nilikuwa naitikia kwa kupima.

Aliyeifunga alikuwa fundi kutoka Sri Lanka, Mbudha, mpole, Kiswahili chake alikiokota Kigoma.

Mara direkta, mkuu wa kiwanda, akataka wavivu wapunguzwe. Kompyuta ikatoa majina kumi na mawili. La kwanza kabisa: Papa Kasongo, mfumaji, baba wa watoto saba.

Nikashtuka. Papa Kasongo mvivu?

Pale kwetu mfanyakazi akifiwa, Papa Kasongo ndiye aliyekwenda kuchimba kaburi na kukaa matanga kwa niaba ya wote. Wenzake walimshikia mtambo wake. Kapita, msimamizi wao, aliandika yote kwa penseli kwenye kidaftari chenye mafuta ya mashine.

Kidaftari hicho mimi nilikiona uchafu. Niliingiza kadi za getini tu, kwa hiyo siku zake za matanga zikahesabiwa utoro. (Msinicheke, wasomi wa data humu mnafanya hivyo hivyo.)

Nikamfuata fundi, nikamwambia kompyuta yake imekosea. Akaniuliza kama itaona haya Papa Kasongo akikosa kazi. Nikasema hapana. Je, italala njaa? Hapana.

"Kwetu Wabudha, tendo linaanza na nia," akasema. "Hii haina nia, wala haiumii. Nia ni yako na ya direkta. Basi tendo ni lenu."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake asubuhi Papa Kasongo akaitwa biro, yaani ofisini, kofia mkononi. Direkta, ndani ya abakosti iliyonyooka, ile suti isiyo na tai, akamwambia kwa upole kwamba si yeye, ni mashine imeamua.

Nikasimama. Enzi zile hata mkubwa aliitwa sitwayeni, yaani raia.

"Sitwayeni Direkta, mashini haikuamua kitu. Njo miye karani niliacha daftari ya kapita. Kama ni kufukuza, muanze na miye."

Akaagiza daftari liletwe, nisome. Nikasoma: matanga ya nani, siku gani, nani alishika mtambo. Ukurasa wa tatu nikakuta matanga ya mama mzazi wa direkta. Siku tatu, kaburi limechimbwa na Kasongo.

Direkta akavua miwani. Akaichana orodha mwenyewe.

Kiwanda kilisimama kwa vigelegele! Majina yale yakapitiwa upya pamoja na daftari, tisa wakabaki kazini. Na ikawa sheria: anayemfukuza mtu amwambie usoni, na barua aisaini kwa jina lake.

Mpaka leo nikikumbuka natembea kifua mbele.

Nilichojifunza: ukisikia "mfumo umeamua", uliza nani aliulisha, na nani ataumia. Mashine ya leo ina akili kuliko ile yangu, lakini kuumia bado ni kwetu.

Wenye mawazo tofauti karibuni mnipinge. Ila anayekuja kuitetea mashine atuambie kwanza: barua ya kumfukuza Papa Kasongo, angeisaini yeye kwa jina lake?